Jino Moja Mbele

Mjini Morogoro watu waliniita Fundi Sikio, na mimi, mjinga, niliendelea kulipenda jina hilo hata lilipokuwa limeshageuka uongo. Kwa miaka thelathini na moja niliinamisha kichwa juu ya injini za watu pale gereji kwetu Msamvu, nikasikiliza. Mtu alikuja na gari linalokohoa, mafundi watatu wameshalifungua na kulifunga, wamekata tamaa. Mimi nilimwambia awashe, akanyage mafuta kidogo, aachie. Basi. Nilishajua vali ipi haikai vizuri, nozeli ipi imeziba, mkanda upi umelegea. Sikuwa na kompyuta na wala sikuitaka. Vijana wenye vidude vya kuchomeka chini ya usukani niliwaita wapiga ramli, na niliwaita hivyo mbele ya wateja wao.

Sikio la kushoto lilianza kuniaga kama miaka sita iliyopita. Halikuniuma hata siku moja. Kwanza zilipotea sauti nyembamba: kengele ya baiskeli, mlio wa simu, ndege wa asubuhi. Nilidhani ni nta. Nikaenda hospitali, nikaambiwa si nta, ni kelele za mashine za kusagia chuma na ekzosi za miaka yote, zimekula mishipa ya ndani, na sikio la kulia nalo liko njiani. Daktari, binti mdogo mpole, aliniandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa kwamba nitafute kifaa cha kusikilizia. Niliikunja ile karatasi nikaitia mfukoni, na sikumwambia mtu. Fundi Sikio na kifaa cha kusikilizia! Afadhali ningetembea uchi sokoni.

Nikaanza kudanganya. Nilijifunza kusoma midomo. Nilihakikisha mteja anasimama upande wangu wa kulia. Nilibandika kiganja juu ya injini nikahisi mtetemo, au nilichukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, na wateja wakadhani ndiyo ustadi wenyewe. Sauti nene zilinifikia hivyo. Nyembamba hazikunifikia kabisa. Mtu akiniuliza kitu nisichokielewa, nilinyamaza, na akirudia nilimfokea. Fundi mkali haulizwi mara tatu. Nami nilikuwa mkali tangu ujana wangu, kwa hiyo hakuna aliyeona tofauti.

Isipokuwa Faraja. Lakini hilo nimelijua kwa kuchelewa.

Faraja ni mpwa wangu, mtoto wa pekee wa dada yangu Kristina. Kwetu sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno juu yake. Baba yake analima mpunga Dakawa, mtu mwema kabisa, lakini katika mambo ya Faraja aliyeulizwa nilikuwa mimi. Nilimchukua kutoka kijijini kwetu Kinole, kule mlimani, akiwa na miaka kumi na minne, nikamlea, nikamfundisha kazi. Sasa ana ishirini na saba na ni fundi kamili. Hakuwahi kunibishia. Si kwamba hana akili. Anazo kuliko zangu. Lakini neno la mjomba kwake lilikuwa kama misa: unasikiliza, unasema amina, unakwenda zako nyumbani.

Mwaka jana alinunua gari lake la kwanza, Altezza ya rangi ya fedha, kuukuu lakini bodi haijaguswa, gia za mkono. Alilitaka kwa mambo mawili. La kwanza ni la ujana: Jumapili, yeye na wenzake huenda barabara ya Dodoma, kule inakonyooka, wakatazamane nani ana gari gani. La pili ndilo alilonieleza mimi. Alitaka kumpandisha na kumshusha mama yake Kinole bila kuomba nafasi juu ya magunia ya mananasi kwenye lori la Fuso. Kristina alikuwa na shamba la mdalasini na pilipili manga kule juu, na magoti yalishaanza kumsumbua.

"Shikamoo mjomba," alisema siku ile, funguo amezishika kwa mikono miwili. "Nimeileta uiguse wewe kwanza."

Mimi kijana nikianza maisha, mjomba wangu alinipa shoka na kipande cha migomba. Ndivyo ilivyokuwa. Mimi sikuwa na migomba ya kugawa, nilikuwa na mikono yangu tu. Nikamwambia aliache gari gereji siku mbili, nitamfanyia kitu ambacho hakuna kijana wa barabara ya Dodoma aliyekuwa nacho, na ambacho kitampandisha mama yake mlimani bila kuhema. Nilijivuna nilipokuwa nasema maneno hayo. Nakumbuka kabisa jinsi nilivyovimba kichwa.

Niwaeleze nilichofanya, kwa sababu kila kitu kinatoka hapo. Injini inapumua kama sisi. Zipo vali za kuvuta hewa na vali za kutoa moshi, na juu yake kuna shafti zenye vinundu zinazozifungua na kuzifunga. Kwenye magari ya zamani vali zilifunguka wakati uleule siku zote, uwe umesimama au unakimbia. Haya ya siku hizi yana gia yenye oili ndani yake; kompyuta ikiamuru, ile oili inaisukuma shafti izunguke kidogo, ili vali ziwahi kufunguka au zichelewe, kufuatana na mwendo na mzigo. Gari likipanda mlima taratibu na mzigo mkubwa, kompyuta huziwahisha kuliko wakati mwingine wowote. Hapo ndipo nguvu ya chini inapotoka.

Mimi nilitaka ziwahi zaidi ya hapo. Nilivua mkanda wa taimingi, ule unaozizungusha shafti, nikaisogeza gia ya shafti ya kuvuta hewa jino moja mbele. Jino moja tu. Nilishayafanya hayo kwenye magari ya zamani mara nisizoweza kuhesabu, na gari likatoka linavuta kama limechapwa. Lakini kwenye gari la namna hii, lile jino langu lilijumlishwa na kile ambacho kompyuta inaongeza yenyewe, na wakati huo pistoni nayo inapanda. Kati ya vali na pistoni inabaki nafasi ndogo mno. Nililijua hilo. Ndiyo maana unasikiliza. Vali ikianza kuigusa pistoni inasema tik, tik, tik, sauti nyembamba kama mtu anayegonga glasi kwa ukucha, na ukiisikia tu unazima, unalirudisha jino mahali pake, unakunywa chai, unasahau.

Nilifunga mkanda, nikawasha. Taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi: kompyuta ilikuwa imeona shafti haipo mahali pake. Nikafungua dashibodi nikatoa balbu, kama tunavyofanya mafundi wengi. Kisha tukalipandisha kile kilima cha kuelekea Kigurunyembe, Faraja akiwa kwenye usukani na mimi pembeni, uso nimeugeuzia dirishani ili sikio langu zima lielekee injini. Nilihisi kiti kikinisukuma mgongo. Nilicheka kwa sauti.

Faraja hakucheka. Kila injini ilipofika mizunguko elfu tatu, aliinua mguu kwenye mafuta.

"Kanyaga!" nikamfokea. "Unaogopa gari lako mwenyewe?"

Akakanyaga. Nilimwona akinitazama, kisha akatazama barabara, kisha akanitazama tena. Tulipofika juu nikamwuliza inasemaje. Alichelewa kujibu, na nikadhani amekosa maneno ya kushukuru.

"Imekaa vizuri, mjomba," alisema, taratibu, akinigeuzia uso mzima ili nione mdomo wake. "Asante sana."

Nilikuwa na furaha siku ile kuliko siku nyingi za uzee wangu.

Aliliendesha miezi minne. Ilikuwa mwezi wa tano, masika bado hayajamalizika, Kristina alipokuja mjini kwa ajili ya magoti yake, akakaa siku tatu kwangu, na Faraja akamrudisha nyumbani. Gari lilikuwa na wao wawili na mzigo wa watu wa kijiji kizima: sukari, mbolea, mabati manne yamefungwa juu. Barabara ya Bigwa walikwenda salama, wakakunja kuelekea mlimani salama. Kwenye mwinuko wa mwisho kabla ya Kinole walikuta Fuso ya mananasi imekwama kwenye tope. Wakasubiri. Fuso ilipopisha, Faraja akaondoka kutoka kusimama kabisa, gia ya kwanza, kisha ya pili, mzigo wote nyuma, mwinuko mkali. Hapo hakukuwa na namna ya kuinua mguu. Angeinua wangerudi nyuma.

Vali ilipinda, kisha ikakatika, na injini ikazima kwa pigo moja. Watu wa Fuso walisema walisikia kama mlango wa chuma umebamizwa. Gari likaanza kurudi kinyumenyume. Injini ikizima, breki zinakuwa ngumu na usukani unakuwa mzito; Faraja alivuta breki ya mkono mpaka waya ukakatika, lakini magurudumu yaliteleza tu kwenye changarawe iliyoloa. Walitoka barabarani kwenye kona, wakashuka ndani ya migomba ya watu. Faraja alivunjika mguu wa kushoto mahali pawili. Dada yangu Kristina alifariki palepale, kabla hawajamfungulia mlango.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Nilimzidi miaka sita. Nilimbeba mgongoni kuvuka mito ya kule kwetu kabla hajajua kutembea vizuri, na kwenye mazishi yake nilishika jembe kama mtu mwingine yeyote, nikafukia.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilishuka peke yangu mpaka gari lilipokuwa limevutwa, kando ya barabara. Nilifungua plagi ya injini, nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Kichwa cha vali kilikuwa kimezama kwenye pistoni. Sikuhitaji sikio kuelewa hilo. Nilirudisha plagi, nikaikaza vizuri, sijui kwa nini, kama gari litakalotembea tena. Nikapanda kwenda nyumbani kwa mama, nikakaa na waombolezaji, na sikusema neno.

Faraja alishasema. Aliwaambia polisi kitandani hospitali, akawaambia watu wa nyumbani, maneno yaleyale: alikosea gia kwa sababu ya ujana, alitaka kuwaonyesha watu wa Fuso jinsi gari lake linavyopanda. Nilijua kwamba ni uongo. Nilijua pia kwamba uongo huo unanifunika mimi. Nikauacha ulivyo. Nikajiambia mguu wake ukipona nitazungumza naye, sisi wawili tu, mjomba na mpwa. Hayo ndiyo maneno niliyojidanganya nayo wiki tano nzima.

Wiki ya tano alikuja gereji Abdulswamad, mwuza viungo wa sokoni, mteja wangu wa siku nyingi. Hununua mdalasini wa Kinole na alimfahamu Kristina. Alikuja kunipa pole. Alikaa kwenye kiti cha plastiki upande wangu wa kulia, akazungumza polepole, na nilimwelewa kila neno.

"Mungu awape subira, fundi. Na kijana naye Mungu amponye haraka." Akakuna kidevu. "Sasa gari yangu nani ataimalizia?"

"Kuimalizia vipi? Nimeshaimaliza."

"Si ule utaratibu wenu," alisema. "Wewe ukishaitengeneza, Faraja huniambia nipite Jumapili akitoka kanisani, nyumbani kwake, anamalizia. Ana kile kimashine chake anachomeka, anasikiliza, anafungua kidogo, anafunga. Alisema mjomba anafanya kazi kubwa, yeye anabaki na ndogondogo. Aliniomba nisikusumbue kwa kukuuliza."

Nilimwuliza ni tangu lini. Akahesabu kwa vidole, akasema kama mwaka na nusu.

Alipoondoka nilipiga simu kwa wateja wawili. Kwenye simu sisikii vizuri, nikampa fundi wa jirani aniulizie, nikasingizia simu yangu mbovu. Jibu lilikuwa lilelile. Kwa Faraja, Jumapili, ndiyo utaratibu wenu. Mwaka na nusu niliokuwa natembea Msamvu nimeinua shingo, kila gari lililopita mkononi kwangu lilikuwa linapita tena mkononi kwake, kimyakimya, ili jina langu lisianguke.

Magari ya watu wote aliyasahihisha. Lake hakuligusa. Aliisikia ile tik tik tangu kile kilima cha Kigurunyembe. Alijua jino liko wapi na angeweza kulirudisha asubuhi moja tu. Lakini lile halikuwa gari la mteja. Ilikuwa zawadi ya mjomba, imewekwa kwa mkono wa mjomba, na mpwa hafungui kile alichofunga mjomba wake. Kwa hiyo aliliendesha kwa kuinua mguu miezi minne, akitegemea adabu yake na mguu wake. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikalia mpaka mafundi wa jirani wakafunga milango ya gereji ili watu wasinione.

Arobaini ya Kristina ilifanyika Kinole. Asubuhi ilikuwa misa, padre alisema maneno mazuri niliyoyaona tu. Watu wakala. Mchana, wageni walipopungua, ukoo ukakaa ndani ya nyumba ya mama yetu, kama desturi, kumaliza yaliyobaki. Kaka yangu mkubwa, Stefano, ndiye aliyeongoza. Ni mkatekista mstaafu, mtu wa haki, mgumu. Nilikaa katikati, mbele yake. Mama, ambaye ana miaka themanini na minne, aliwekwa kwenye mkeka karibu na mlango wa chumba cha ndani, nyuma yangu. Baba yake Faraja alitoka Dakawa akakaa ukutani na kofia magotini. Hakuwa na neno pale, na alilijua hilo.

Faraja alikuwa kwenye kigoda, mguu wenye bandeji ngumu umenyooshwa, magongo pembeni.

Stefano alisema jambo liko wazi. Shamba la mdalasini la Kristina lilikuwa la kumfikia Faraja na watu wa nyumba yake. Lakini kijana amemwua mama yake kwa kujionyesha barabarani, na kinywa chake mwenyewe kimekiri. Ukoo hauwezi kumkabidhi mtu shamba la mtu aliyemwua. Asirudi kulima pale, na kwenye vikao vya nyumba hii asikae, mpaka wakubwa watakapoona vinginevyo.

"Faraja," alisema, "una neno?"

"Sina, mjomba mkubwa. Ni kweli. Nilikosea gia."

Alisema hivyo ameinamisha kichwa, na machozi yalimdondokea kwenye bandeji. Kijana wa miaka ishirini na saba, amempoteza mama, sasa anapoteza na mahali pa kuita kwao, na alikuwa amekubali.

Stefano akanigeukia. "Gervas. Wewe ndiye uliyemlea na wewe ndiye fundi. Lazima tukuulize wewe pia. Hiyo gari ilikuwa nzima?"

Nilisimama.

"Haikuwa nzima," nilisema. "Niliiharibu mimi. Nilisogeza kitu ndani ya injini ambacho hakipaswi kusogezwa, na injini ikapiga kelele ya kutuonya, na mimi sikuisikia. Sisikii, kaka. Sikio la kushoto limekufa zamani na la kulia linakufa. Nimewaficha wote. Huyu kijana aliisikia, akanyamaza ili asiniaibishe. Hakukosea gia. Mtu wa kufukuzwa hapa ni mimi."

Nilitazama midomo ya watu. Wengine walisema hapana, hapana. Shangazi mmoja alishika kichwa. Stefano alinikazia macho.

"Sema taratibu, Gervas. Majonzi yanakuzidi. Utakuwaje kiziwi nawe unatengeneza magari kila siku?"

Faraja alishika gongo lake, akajiinua. "Msimsikilize mjomba," alisema, na niliisoma kila silabi. "Ana uchungu. Mjomba anasikia. Anasikia kuliko sisi sote humu ndani."

Hasira ilinipanda. Mguu umevunjika, mama yake yuko ardhini, shamba linamponyoka, na bado alikuwa anasahihisha kosa langu nyuma yangu kama kwenye gari la Abdulswamad. Nilianza kumwambia anyamaze. Nilimwambia mengi. Nilikuwa katikati ya maneno nilipoona kwamba hakuna anayenitazama.

Wote waliokaa mbele yangu walikuwa wamehamisha macho. Walikuwa wanatazama nyuma ya bega langu la kushoto. Stefano alikuwa amefumba mdomo. Baba yake Faraja alikuwa ameinuka nusu kutoka ukutani. Nilidhani kuna mgeni ameingia, nikaendelea kusema, kwa sababu nilikuwa bado sijamaliza. Ndipo Faraja akakaa tena chini, taratibu, akafunika uso kwa mikono yote miwili.

Nikageuka.

Mama alikuwa amejikokota kutoka kwenye mkeka wake mpaka nyuma ya miguu yangu. Mkono wake ulikuwa umenyooshwa, vidole vimeshika pindo la koti langu, na mdomo wake ulikuwa unakwenda. Alikuwa ananiita. Sijui alikuwa ameanza lini. Stefano aliniambia baadaye kwamba mara ya kwanza aliniita kwa sauti ya kawaida, kisha akapaza, kisha akalia jina langu kama mtu anayemwita mtoto ng'ambo ya bonde, na nyumba nzima ilinyamaza ikisubiri nigeuke.

Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena habari ya gia. Stefano alisema kwa maneno machache kwamba shamba ni la kijana, na watu wakaitikia. Lakini mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mama na nilikuwa simwelewi. Hana meno. Mdomo wa mtu asiye na meno siwezi kuusoma, hata awe ni mama yangu. Alisema, nikatikisa kichwa. Akasema tena.

Faraja alikuja kwa gongo lake, akajishusha sakafuni upande wangu wa kulia. Akaweka mdomo karibu na sikio langu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akanipazia sauti.

"Bibi anasema, mama yangu alipokuwa akitoka kwako mjini alikuwa akirudi hapa analia. Alikuwa akimwambia bibi, kaka Gervas nikimsemesha hanijibu. Nikirudia ananifokea. Amenichukia, na sijui nimemfanyia nini."

Akanisogelea zaidi.

"Hata ile siku ya mwisho, mjomba. Alisimama mlangoni akakuaga mara mbili, ukaendelea kufunga nati. Tulipokuwa njiani aliniuliza kama najua umemkasirikia nini." Akamtazama bibi yake. "Bibi anauliza, mama alikukosea nini?"

Nikasema hakunikosea kitu. Nikasema nilimpenda kuliko ndugu wote, mbele ya Stefano nikasema hivyo, na Stefano hakukasirika. Nikasema sikuwa namsikia tu, mama, sikuwa namsikia, nilikuwa naona haya kusema. Nilirudia maneno hayo mara nyingi, na huenda nilipiga kelele, kwa maana watoto waliokuwa uani walikuja mlangoni kuchungulia.

Mama alinishika shavu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno machache. Nikamtazama Faraja anipe. Hakutaka kunipa. Nikamshika mkono, nikamwambia aseme, asinifiche tena kitu.

"Anasema," Faraja alisema sikioni mwangu, "hayo ungemwambia mama yangu mwenyewe."